Jiko Lilale Nje

Ndugu zangu wa Makete, Njombe, Limuru na Nyandarua, baridi ya Juni na Julai hamhitaji kusimuliwa. Jioni jiko la mkaa huwashwa uani, hupepewa mpaka moshi uishe na makaa yawe mekundu, yamevaa jivu jeupe. Hapo mama hulibeba kwa kitambaa, akaliingiza chumbani kwa watoto, kisha akaziba upenyo wa chini ya mlango kwa kitenge kikuukuu. Anafanya hivyo kwa upendo, na ndiyo maana nawaomba mnisikilize.

Moshi umeisha, sumu haijaisha. Mkaa ukiungua ndani hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu.

Tunapovuta pumzi, hewa hushuka mpaka kwenye vifuko vidogo mno vya mapafu, mamilioni kwa mamilioni, vyenye kuta nyembamba ajabu. Oksijeni hupenya hapo, ikapokewa na hemoglobini ya damu na kusambazwa mwilini. Lakini hemoglobini huing'ang'ania kaboni monoksaidi zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Sumu ikishawahi nafasi, oksijeni haina pa kukaa.

Na mwili haupigi kelele. Kinachotufanya tutapetape tukibanwa pumzi ni hasa kabonidayoksaidi kujaa katika damu, na usiku huo yenyewe inaendelea kutoka kama kawaida. Aliye macho ataumwa kichwa, atasikia kizunguzungu na kichefuchefu, miguu itaisha nguvu. Mtoto aliyelala hashtuki.

Basi jiko lilale nje. Oteni moto pamoja uani, watoto walale wamekumbatiana chini ya blanketi moja. Na ninyi walinzi wa usiku, kibanda kilichofungwa ni chumba kile kile.

Mkimkuta mtu amezidiwa, fungueni milango, mtoeni nje, mkimbizeni hospitali apewe oksijeni hata kama amezinduka. Msipoteze muda kumnywesha maziwa. Sumu hii iko kwenye damu, si tumboni. Mwambieni daktari kwamba mlikuta jiko ndani, maana kile kifaa cha kubana kidoleni huweza kuonyesha oksijeni inatosha wakati haitoshi.

Leo jioni, kabla hamjafunga milango, mmoja wenu apite kwa yule bibi anayeishi peke yake. Amsalimie, aangalie jiko lake liko wapi, na amwachie blanketi.