Dhiki ya Mwana Nayo Ihesabiwe
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walinena wahenga. Nchini Marekani, raia aliyetimiza miaka 21 huruhusiwa kumwombea mzazi wake ukaazi wa kudumu. Hata hivyo, mzazi aliyevuka mpaka kwa siri kwa kawaida hulazimika kutoka nchini kwanza. Na iwapo aliishi humo bila kibali mwaka mmoja au zaidi, sheria ya 1996 humfungia mlango kwa miaka 10. Msamaha upo, ila hupimwa kwa dhiki ya mume, mke au mzazi wa mhamiaji huyo aliye raia au mkaazi halali, si ya mtoto. Je, ndugu msomaji, ni haki sheria ipokee ombi la mwana kisha iyapuuze machozi yake? La hasha! Sheria hiyo yafaa irekebishwe.