Mita 60 za Mto Kanoni: Uoto wa Asili Kati ya Nyumba Zetu

Mto Kanoni hupita katikati ya makazi ya Manispaa ya Bukoba kabla ya kuingia Ziwa Viktoria, na mvua kubwa zinaponyesha huingia pia majumbani mwetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hata hivyo, mahali palipostahili mafunjo na matete, leo pana kuta na bustani za mboga. Vijijini Muleba nako, mikaratusi inyonyayo maji mengi haifai kusogezwa kwenye chemchemi.

Tukiri ukweli: wengi waliojenga bondeni ni maskini waliokosa kiwanja kwingine. Kuwaondoa bila kuwapatia mahali pa kuishi ni kuwaongezea jeraha. Kuwasahau hapo ni kuwaachia mafuriko. Katika Waraka wa Laudato si', wa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini vinapaswa kusikilizwa pamoja.

Wazee wetu wa Kihaya waliweka mpaka wa kibanja kwa mulamula, mmea hai ambao jirani aliuheshimu. Ukingo wa Kanoni unahitaji mpaka wa namna hiyo: upimwe mbele ya wakazi, upandwe mimea ya asili, utunzwe na mtaa wenyewe. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zaweza kuianza kazi hiyo. Parokia na taasisi zetu zenye ardhi kandokando ya maji zitangulie kujipima. Tusimwombe jirani asogee hatua ambayo sisi hatujasogea.