Tuwakumbuke Watoto Waliotutoka Msimu wa Noeli



Tarehe 28 Desemba, siku ya tatu baada ya Noeli, Mama Kanisa huadhimisha sikukuu ya Watoto Mashahidi, wale waliouawa Bethlehemu kwa amri ya Herode. Mwinjili Mathayo anaisimulia habari yao pamoja na kilio cha Rakeli, mama asiyekubali kufarijiwa kwa kuwa wanawe hawapo tena. Katika parokia zetu, tangu Shinyanga na Kahama hadi Geita na vijiji vya machimbo kama Nyarugusu na Rwamgasa, akina Rakeli ni wengi. Wenzao wanapoimba na kupika pilau, wao huikumbuka homa iliyowanyang'anya mtoto katika siku kama hizi.

Mara nyingi mtoto mchanga akifariki huzikwa upesi, matanga huanuliwa mapema, na mama huambiwa anyamaze kwa kuwa atazaa mwingine. Husemwa hivyo kwa nia njema, lakini maneno hayo huongeza jeraha. Aliyeishi miezi minane tu alikuwa mtu kamili, mwenye jina na mwenye nafasi mbele ya Mungu. Kanisa linayo ibada ya mazishi ya watoto, na hata yule aliyefariki kabla ya ubatizo ambao wazazi wake walikusudia kumpatia hukabidhiwa kwa sala katika huruma ya Mungu. Wazazi wasinyimwe faraja hiyo.

Husemwa pia kwamba ni mapenzi ya Mungu. Uhai wetu u mikononi mwake, naam. Lakini nani atathubutu kusema kwamba upanga wa Herode ulikuwa mapenzi ya Mungu? Mwaka 1999 utafiti wa taifa ulikadiria kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walifariki kabla ya kutimiza miaka 5. Mwaka 2022 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 43. Mungu hakubadilika katika miaka hiyo. Zilienea chanjo, vyandarua vyenye dawa, na dawa mseto. Kumbe vifo vile vilizuilika, na vingi vya leo vyazuilika pia. Utafiti huo wa 2022 ulionyesha kwamba mkoani Shinyanga watoto 16 kati ya 100 waliopimwa walikuwa na malaria, ilhali wastani wa taifa ulikuwa 8.

Tuutazame basi msimu wenyewe. Desemba mvua zimeanza, majaruba yamejaa maji, na mashimo yaliyoachwa na wachimbaji yamegeuka madimbwi ambamo mbu huzaliana. Wageni wa sikukuu wanapofika, hupewa kitanda chenye chandarua, nao watoto hulazwa chini kwenye mkeka. Mtoto akichemka usiku wa mkesha, husemwa tusubiri sikukuu ipite, akanunuliwa vidonge viwili vitatu dukani. Baba yuko machimboni, na mama haruhusiwi kuuza hata debe la mpunga bila idhini yake. Likija degedege, ambalo mara nyingi ni dalili ya malaria kali, wapo wanaoamini kwamba sindano itamuua mtoto, nao huanzia kwa mganga. Malaria kali humaliza mtoto kwa siku moja au mbili. Haingoji sikukuu ipite.

Liko na jambo la damu. Malaria huharibu chembe nyekundu, na mtoto aliyepauka viganja na midomo huweza kuhitaji kuongezewa damu saa ileile. Wanafunzi wa sekondari ni kundi kubwa miongoni mwa wachangiaji wa hiari. Shule zikifungwa, akiba hupungua katika msimu uleule wa mahitaji. Vijana wetu, Wawata na kwaya, wanaweza kuziba pengo hilo wakichangia damu katika majuma ya Majilio.

Kwa hiyo twaomba mambo haya. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwatembelee wazazi waliofiwa na mtoto, hata kama ni miaka mingi iliyopita, na majina ya watoto hao yasomwe katika Misa ya tarehe 28. Kila baba anayesafiri aache fedha ya matibabu mkononi mwa mama, pamoja na ruhusa ya kuitumia. Mtoto asiyenyonya, anayetapika kila kitu, aliyelegea au mwenye degedege apelekwe kituo cha afya mara moja, iwe usiku au sikukuu. Wajumbe wa kamati za zahanati waulize mapema nani atakuwa zamu siku za Noeli na kama dawa zipo. Sera ya taifa imewasamehe malipo watoto walio chini ya miaka 5 katika vituo vya umma. Anayetozwa aulize kwa adabu, na kamati idai jibu. Wenye kuchimba wafukie mashimo wanayoyaacha.

Yosefu aliposikia hatari aliamka usiku uleule, akamchukua mtoto na mama yake, akaondoka. Hakungoja kupambazuke. Wazazi wa Shinyanga na Geita, amkeni vivyo hivyo. Nasi majirani tuwashike mkono njiani. Ndipo kumbukumbu ya waliotutoka itakapokuwa ulinzi kwa walio hai.