Sauti ya Mama kwenye Diski Inayokufa

Mwezi huu mgonjwa wangu si mtu, ni diski.

Kabatini chini ya ngazi tuna kompyuta kuukuu inayotumia Linux. Ndiyo seva yetu. Humo mna picha za watoto, vyeti vyangu vya uuguzi, na ujumbe wa sauti aliokuwa akinitumia marehemu mama kila Ijumaa kutoka Tanga. Baada ya msiba nilihamishia zote humo, kisha nikabadilisha simu. Nakala nyingine sikuwa nayo.

Asubuhi moja nimetoka zamu ya usiku, nataka kumsikiliza, faili hazifunguki. Nikaandika dmesg, skrini ikajaa makosa ya kusoma diski. Nikaendesha smartctl -a, na mstari wa Current_Pending_Sector ukaonyesha sekta 212 zisizosomeka. Mume wangu akasema, "Tuendeshe fsck, itajirekebisha." Nikamwambia, "Baba Salma, ngoja." Fsck ikirekebisha huandika kwenye diski, na diski inayokufa haiandikiwi kitu. Kwanza okoa, kutibu baadaye.

Tukaizima. Nikanunua diski mpya kubwa kuliko ile, nikaziunga zote mbili kwenye kompyuta nyingine. Nikatazama majina kwa lsblk mara mbili, kama ninavyosoma jina la mgonjwa kabla ya kumchoma sindano, kwa sababu ukikosea jina unaweza kufuta unachotaka kuokoa. Ya zamani ilikuwa sdb; sikuifungua. Nikahamia kwenye folda ya diski mpya, nikaandika:

ddrescue -d -n /dev/sdb mama.img mama.map

Kwenye Debian na Ubuntu programu hii huwekwa kwa jina la gddrescue. Huchukua kwanza sehemu nzima, zile mbovu ikaziruka. Faili ya map hukumbuka ilikofika, hivyo unaweza kuisimamisha na kuendelea baadaye. Ilipomaliza, nikairudisha kwenye sehemu mbovu, ijaribu mara tatu zaidi:

ddrescue -d -r3 /dev/sdb mama.img mama.map

Ilikwenda usiku kucha. Kisha nikanakili ile mama.img, na fsck nikaifanyia nakala, si diski. Faili zilizopoteza majina hutafutwa kwa PhotoRec.

Onyo: diski ikigongagonga au isipotambulika kabisa, zima umeme. Hapo amri hazisaidii. Ni kazi ya mafundi wenye chumba kisicho na vumbi, na bei yao si ndogo. Uliza kwanza. Na msiitie kwenye friza, hata mkiambiwa na nani.

Picha zimerudi, vyeti vimerudi. Sauti za mama zimerudi zote isipokuwa mbili. Moja haifunguki kabisa. Ya pili inakatika anaposema, "Mwanangu, usisahau..." Sijui ni nini nisisahau, na sitajua.

Sasa nina nakala tatu: moja kwenye seva, moja kwenye diski ya nje iliyo droo ya kazini, moja kwa dada yangu Tanga. Kila mwezi nafungua faili chache kuhakikisha zinasomeka.

Kama sauti ya mzazi wako iko mahali pamoja tu, usilale leo kabla hujainakili.