Chukudu na jembe havitaki kole ya dakika tano

Mtu wa chukudu akitoka Kibumba na kabichi, akishuka kuelekea Goma, maisha yake yanategemea gurudumu la mbao. Ndani ya mbao hiyo kuna rulma ya chuma. Rulma ikianza kucheza ndani ya tundu lake, gurudumu linayumba na mzigo unaanza kumsukuma mwenyewe. Kwenye mteremko hakuna wa kumshikia. Kwa hiyo ninasema waziwazi: kuchagua kole, yaani gundi, ya kushikisha chuma kwenye mbao si jambo dogo la kumwachia fundi peke yake. Ni jambo la usalama na la chakula cha familia.

Tunajua namna tunavyofanya. Rulma ikilegea, tunanunua kichupa cha superglu, ile inayoshika vidole papo hapo. Au tunakaza kwa kipande cha mpira, saa moja baadaye mtu yuko barabarani. Lakini superglu ni nyepesi karibu kama maji. Inafaa pale vitu viwili vinapogusana kabisa. Nafasi haiwezi kuijaza. Ikikauka ni ngumu, lakini ikipigwa inapasuka. Na barabara zetu za mawe ya volkano zinapiga kutwa nzima. Kole nyeupe ya maseremala nayo ni nzuri kwa mbao na mbao zilizobanana vizuri. Kwa chuma haishiki sawasawa, na aina nyingi zinalegea zikikaa kwenye maji.

Kazi hii ni ya epoksi, ile kole ya mirija miwili. Mrija mmoja una resini, wa pili una dawa ya kuigandisha. Ukivichanganya vinageuka kitu kigumu kinachoshika mbao na chuma, kinachojaza nafasi, na kisichonywea sana kikikauka.

Hata hapo kuna kuchagua. Ipo epoksi ya dakika tano na ipo inayoganda polepole, kwa saa nyingi. Watu wanapenda ya dakika tano kwa sababu ya jina lake tu. Mimi naona kwa chukudu na jembe tuiache. Inaanza kuganda kabla hujamaliza kunyoosha rulma, na mara nyingi haina nguvu ya ile ya polepole, wala haivumilii maji na joto kama yenyewe. Ile ya polepole inapata muda wa kuingia kwenye nyuzi za mbao. Ukipata iliyochanganywa na unga wa chuma, ni bora zaidi. Ukiikosa, tia vumbi laini na kavu la msumeno ndani ya mchanganyiko mpaka uwe mzito na usichuruzike.

Watengenezaji wa bunduki za kuwindia wanaujua ufundi huu vizuri. Mbao inakunywa unyevu na kuvimba, kisha inakauka na kunywea. Kitako cha mbao kikifanya hivyo, chuma kinasogea kidogo na risasi inakwenda pembeni. Kwa hiyo wanakitandikia chuma epoksi ndani ya mbao, kilale palepale siku zote. Na kabla ya kufanya hivyo wanapaka chuma nta, ili siku moja kiweze kutoka. Sisi hapa bunduki zimetutosha. Lakini elimu hiyo haina kosa, na mtu wa chukudu anaihitaji kuliko mwindaji.

Kwa rulma, basi, fanyeni hivi. Safisheni tundu, mtoe mafuta ya zamani na mbao iliyooza. Ikwaruzeni mbao, na iwe kavu kabisa. Mbao iliyonyeshewa jana haishiki. Pakeni grisi nyembamba au nta ya mshumaa upande wa nje wa rulma tu, na mzibe uso wake ili epoksi isiingie kwenye gololi. Changanyeni mirija miwili kwa kipimo kilichoandikwa, bila kukisia: mkizidisha dawa, kole haigandi haraka zaidi, inabaki laini. Pakeni ndani ya tundu, ingizeni rulma, nyoosheni, kisha mfunge kwa bati na misumari isitoke pembeni. Rulma ikifa baada ya miezi, mtaigonga itoke na kuweka mpya kwenye kitanda kilekile.

Kwa jembe ni kinyume. Pale tunataka chuma na mpini vishikane, kwa hiyo msipake grisi. Kwaruzeni kutu mpaka chuma king'ae, ndipo mtie kole. Mpini ukivunjika siku moja, pasheni chuma moto, nje na mbali na watoto. Epoksi ya kawaida inaanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi. Ndiyo sababu pia mpini wa namna hii usiegemezwe kando ya jiko.

Najua jibu mtakalonipa. Epoksi ya polepole inaomba saa 24 kabla ya kubeba mzigo, na usiku wa Goma ni baridi, kole inachelewa zaidi. Siku moja bila chukudu ni siku moja bila unga nyumbani. Hilo ndilo gharama kubwa, kuliko hata franga za kununulia. Mimi naona njia mbili. Ya kwanza, tieni kole Jumamosi jioni. Jumapili nendeni kusali, chukudu ibaki nyumbani, Jumatatu iko tayari. Ya pili, nunueni kwa kikundi. Gurudumu moja linakula kole kidogo, na watu watatu au wanne wanaweza kuchanga mirija miwili. Ikifungwa vizuri, bila kubadilishana vifuniko, itawangoja kwa kazi nyingine.

Kwa familia zilizopitia Bulengo, Lushagala au Kanyaruchinya, na zinazojaribu kulima tena Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, ninaongeza neno. Msipoteze franga kuziba bidoni za njano kwa epoksi. Plastiki ile haishikwi vizuri na kole hii, itabanduka. Msizibe nayo sufuria wala chombo cha maji ya kunywa. Na mkongojo wa mgonjwa uliovunjika katikati msiuunganishe kwa kole peke yake. Pale ndipo uzito wote unapokaa. Utafuteni mti mpya.

Kisha jilindeni. Epoksi ambayo haijaganda inaweza kuleta muwasho wa ngozi unaorudi kila ukiigusa. Vaeni glavu, au vaeni mfuko wa plastiki mkononi. Ikiwashika, osheni kwa maji na sabuni, si kwa petroli. Msichanganye nyingi kwenye kopo moja dogo, maana inapata joto yenyewe mpaka inaweza kutoa moshi. Na watoto wasiwe karibu.

Wauzaji wa Birere na wa soko la Virunga, nanyi mna sehemu yenu. Mteja anapouliza kole, mwulizeni kwanza ni ya nini. Maandishi ya kwenye boksi mara nyingi ni ya lugha ambayo mama mkulima haisomi; mwelezeni kwa Kiswahili kipimo na saa za kungoja. Na mashirika yanayogawa majembe yangeweza kuongeza kole ya polepole kwa kila kikundi cha wakulima, na fundi wa kuwaonyesha kwa nusu siku. Jembe lililochomoka mpini katikati ya msimu halimsaidii mtu, hata kama kwenye ripoti limehesabiwa.

Watu wetu wamepoteza vitu vingi kwa mambo wasiyoweza kuyazuia. Rulma inayocheza inaweza kuzuiwa. Kabla ya kupakia kesho asubuhi, mtikise gurudumu kwa mkono. Likicheza, msilipakie.