Kioo cha Gari Kuukuu Chataka Raba, Si Silikoni



Hapa kwetu Kuze, turathi ikitajwa kila mtu hukimbilia milango ya nakshi na Ngome ya Yesu, iliyotiwa na UNESCO katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2011. Ni sawa. Lakini mtu akitunza gari la zamani huambiwa ana wazimu, akaliuze chuma chakavu! Ami yangu ana Peugeot 504, na maneno hayo ameyasikia hadi ameyazoea.

Wasomaji wapenzi, 504 si gari la kudharauliwa. Lilianza kuundwa Ufaransa mwaka 1968, likashinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na kwa miaka mingi liliunganishwa papa hapa Kenya. Injini yake ngumu. Kinachoiua ni maji yapitayo kiooni. Raba ya kioo cha mbele ikipigwa na jua hukauka na kupasuka, kisha mvua za mwezi wa tano zikija maji huteremka nyuma ya dashibodi hadi chini ya zulia. Tulifundishwa darasani kwamba kutu yataka maji na hewa, na chumvi huiharakisha. Na sisi twaishi kisiwani.

Hapo ndipo baadhi ya mafundi wanaponikera. Gari la ami lilipoanza kuvuja, fundi mmoja alijaza silikoni pembeni mwa raba ile ile mbovu, akachukua pesa zake, akaenda. Mvua iliyofuata maji yakaingia tena. Ile silikoni rahisi inukayo siki hutoa asidi inapokauka (si manukato yale!), na asidi hula bati. Tena huyafungia maji ndani yasipate pa kutokea. Kioo kilipotolewa, ukingo wa chini ulikuwa umeoza, kidole chapita.

Kazi ya haki ni hivi. Ukingo husuguliwa msasa hadi chuma king'are, penye tundu pachomelewe, kisha upakwe rangi ya kuzuia kutu na uachwe ukauke. Raba mpya huanikwa juani ilainike, halafu huvishwa kioo kwanza. Ndani ya mfereji wake wa nje hupitishwa kamba nyembamba, ncha zake mbili zikutane chini katikati. Pakaza maji ya sabuni. Mtu mmoja nje asukume kwa viganja, mwengine ndani avute kamba polepole, na mdomo wa raba utapanda wenyewe juu ya bati. Ukitumia bisibisi kwa pupa, kioo chaenda na raba yachanika. Yataka watu wawili wanaosikilizana, basi.

Ati ni ghali? Raba mpya ni pesa, sikatai, na ya 504 yataka kutafutwa. Lakini kuchomelea bati kila mwaka ni ghali zaidi. Naomba chama chetu kimwalike fundi mmoja mzee aje atuonyeshe, tena tuandike na maneno yake, maana mengi kamusi zetu hazina.

Na mwenye gari asingoje masika kujua kama kazi imekubali. Amwagie maji kwa mpira akianzia chini kupanda juu, na mwenziwe akae ndani na kitambaa kikavu, apapase pembe moja moja.