Mji wa Dhahabu na Siku ya Mnada

Mtu anayeifahamu mikoa ya Shinyanga na Geita kwa kusoma magazeti tu, naye hajapata kutia mguu Kahama wala Katoro, ana haki ya kudhani kwamba wakazi wa huko hawana shughuli nyingine duniani ila kuingia ardhini na kutolewa humo. Kwani habari zinazofaulu kuvuka mipaka ya mikoa ile aghalabu ni za namna mbili, ama mgodi mkubwa umetangaza mapato yake, ama duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, limetitia na vijana wamebaki chini. Ilipotokea ajali ya Nyangalata, wilayani Kahama, mwaka 2015, na wachimbaji watano wakatolewa wakiwa hai mwezi wa Novemba baada ya kukaa chini ya ardhi siku 41, habari ilienea ulimwengu mzima, na swali la kwanza midomoni mwa watu likawa walikula nini huko chini. Swali hilo lilikuwa na haki yake. Mimi nililitamani na lile la pili, ambalo sikulisikia likiulizwa, nalo ni nani aliyezilisha aila zao huku juu katika siku hizo zote, nani aliyewakopesha unga, na nani aliyewachungia mifugo na kuwapalilia mashamba hali wenyewe wamekwisha kuhesabiwa kuwa maiti.

Jibu la swali hilo la pili ndilo linaloueleza mji. Miji hii ya dhahabu husimama kwa shughuli ndogo ambazo hakuna anayezitangaza, yaani mnada wa kila juma, daftari la mkopo la mama ntilie, mchango wa msiba na ulinzi wa jirani kwa jirani. Na halmashauri ambayo hupokea fedha za madini kisha ikazisahau shughuli hizi, hata ikijenga majengo ya fahari namna gani, imelikosa lililo la msingi.

Na tuutazame mnada kwanza, maana ndio baraza kubwa kuliko yote. Kabla ya jua kuchomoza, malori ya Fuso huwa yamekwisha kutua, na nyuma yake pikipiki zilizobebeshwa matenga ya kuku mpaka dereva haonekani, na baiskeli za wakulima waliotoka vijijini usiku na magunia ya mpunga. Wanawake hutandika maturubai yao na kupanga mafungu ya michembe na matobolwa ya viazi vitamu, choroko na dengu, na udaga wa mihogo uliokaushwa juu ya majabali. Dagaa na sato wa kukaushwa hufika kutoka ziwani. Wachuuzi wa mitumba hupanda juu ya marobota na kutaja bei kwa sauti ya mwimbaji. Na kando, penye vumbi zaidi, madalali wa ng'ombe husimama na fimbo zao na kuzungumza bei kwa upole unaotisha, kwa kuwa mfugaji wa Kisukuma hakuzi thamani ya mnyama wake kwa kelele. Ifikapo adhuhuri moshi wa nyama choma umetanda, muuza dawa za mitishamba ameanza hotuba yake katika kipaza sauti kibovu, na wakala wa kutuma pesa, ameketi chini ya mwavuli wake, ameshughulika kuliko karani wa benki yoyote.

Lakini mwenye nadhari akitulia ataona kwamba biashara ni nusu tu ya yale yanayotendeka pale. Deni la mwezi uliopita hulipwa mnadani mbele ya shahidi. Mshenga hukutana na wazee wa upande wa pili akauliza juu ya idadi ya ng'ombe wa mahari bila kuonekana kuwa amekwenda kuuliza. Mgonjwa hutumiwa salamu na dawa kwa jirani aliye njiani kurudi kijijini. Kijana aliyetoka duarani, uso ukiwa bado na vumbi la mawe, humnunulia mamaye khanga na kumpa mtu wa kwao ampelekee. Msukuma na Mnyamwezi, Msumbwa wa Bukombe, Mzinza wa Geita, Mha aliyetoka Kigoma na Mkurya aliyetoka Mara, ambao siku nyingine kila mmoja hukaa na wake, siku hiyo husukumana mabega na kutaniana. Mji usio na siku ya mnada una nyumba na barabara, lakini watu wake hawajaonana.

Wapo watakaosema kwamba nautukuza mnada kupita kiasi, na kwamba fedha ile ile ya mnadani hutoka chini ya ardhi. Ni kweli kwa sehemu, na historia ya eneo hili inatupa mizani ya kupimia sehemu hiyo. Geita ilikuwa na mgodi mkubwa tangu miaka ya 1930, ukafungwa mwaka 1966, na ukapita zaidi ya muda wa kizazi kimoja kabla ya mgodi mwingine mkubwa kuanza mwaka 2000. Katika miaka hiyo watu wa Geita hawakuhama, bali walilima pamba na mihogo, walivua, walifanya tijara, na wachache wao waliendelea kuchimba kwa sururu. Mwadui ya Shinyanga, ambako mwanajiolojia Williamson aligundua almasi mwaka 1940, na ambako lilipatikana jiwe la rangi ya waridi alilozawadiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa mwaka 1947, ilijengwa kwa mtindo mwingine kabisa: maskani, hospitali, shule na uwanja wa ndege, vyote ndani ya ua wa kampuni, na mwanakijiji wa nje akitazama taa za umeme kwa mbali. Ua ule uliwastarehesha waliokuwa ndani, mji haukuzaa.

Kahama ni mfano wa tatu, nao ndio unaonipa ujasiri wa kusema niyasemayo. Mgodi wa Buzwagi ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kuusitisha mwaka 2021, na wengi tulitazamia kwamba maduka yangefungwa na nyumba za kupanga zingebaki na popo. Ikawa kinyume. Mwaka ule ule wa 2021 Kahama ilipandishwa hadhi kuwa manispaa, na hata leo mwenye kupita barabara zake hukuta pilikapilika ile ile, kwa sababu kabla ya Buzwagi na baada ya Buzwagi Kahama ilikuwa na mchele wake, ilikuwa na malori yaelekeayo Rwanda na Burundi, ilikuwa na bandari kavu ya Isaka kwa jirani, na ilikuwa na wafanyabiashara waliozoea kukopeshana kwa neno. Dhahabu iliuongezea mji ule unono, lakini mifupa ulikuwa nayo tangu zamani.

Sasa nimtaje mama ntilie, ambaye hakuna kitabu cha uchumi wa madini kinachomtendea insafu. Mwenye kuchimba duara jipya hajui kama atalifikia jiwe lenye dhahabu, wanaloliita mbale, baada ya wiki mbili au miezi minane. Na muda huo wote vijana wake wanashuka kwa kamba, wanapigilia matimba ya kuzuia kuta zisiporomoke, wanapandisha kifusi, na wanakula. Benki haimkopeshi mtu kwa rehani ya shimo. Anayekopesha ni mwanamke mwenye sufuria tatu na daftari la mistari, anayeandika majina, aghalabu ya utani, na kuweka kijiti mbele ya jina kwa kila sahani ya ugali na maharage. Duara likitema, kama wasemavyo wenyewe, mawe yakapelekwa karashani yakasagwa, unga ukaoshwa mwaloni na kukamatwa kwa zebaki, ndipo daftari lile hufunguliwa. Na duara lisipotema, yeye ndiye ambaye mtaji wake umeteketea, wala hatatajwa katika hesabu ya hasara ya mtu yeyote. Ikiwa serikali inatafuta mwekezaji wa ndani katika sekta ya madini, ipo haja ya kuanza kumtafuta jikoni.

Lakini majina yale ya utani yana uzito wake siku ya msiba. Kijana akifariki katika machimbo, iwe kwa duara kutitia au kwa homa tu, mara nyingi huonekana kwamba watu waliokaa naye miaka miwili walimjua kwa lakabu peke yake, na hakuna ajuaye kijiji chake wala jina la babaye. Hapo utawaona wenzake, watu ambao mgeni huwahofu kwa sura zao na lugha yao, wakiketi chini ya mwembe na simu ya marehemu, wakipiga namba moja baada ya nyingine mpaka apatikane shangazi huko Kibondo au Maswa. Utaona kofia ikipitishwa, karasha likizimwa nusu siku, mwenye gari akitoa gari na wengine wakitoa mafuta, sanda ikinunuliwa au jeneza likichongwa, na watu wanne wakiteuliwa kumsindikiza maiti usiku kucha ili asifikishwe kwao kama mzigo. Wala hakuna sheria inayowalazimisha. Mimi hupima utu wa mji kwa namna unavyomzika mgeni, na kwa kipimo hicho makambi haya tunayoyaita ya wahuni yameshinda mitaa mingi ya watu wenye majoho na shahada.

Juu ya ulinzi sitarefusha maneno, maana sungusungu wameandikwa sana. Walizaliwa huku huku, Kahama na Shinyanga, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipozidi na silaha kuzagaa baada ya vita vya Kagera. Na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Wapo waliovuka mpaka, wakapiga na kutoza faini zisizo na kipimo, na hasa baadhi ya vikongwe wa mikoa hii waliteswa na watu waliopaswa kuwalinda. Kulificha hilo ni dhambi. Hata hivyo, mwano, yaani yowe la kuitana, ukipigwa usiku, watu bado hutoka majumbani mwao, na jambo hilo miji mikubwa imekwisha kulipoteza. 

Nirejee kwenye fedha. Soko la kwanza la madini lilipofunguliwa Geita mwezi wa Machi 2019, lilikuwa jambo la kheri, kwani mchimbaji mdogo alipata mizani ya haki na bei iliyobandikwa ukutani badala ya kunong'onezana na mnunuzi wa kichochoroni. Na kwa utaratibu uliowekwa wakati huo, katika kila mauzo serikali ilichukua mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, na asilimia 0.3 ikawa ushuru wa huduma wa halmashauri. Migodi mikubwa nayo, kwa marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017, ni sharti ipange pamoja na halmashauri miradi ya kuinufaisha jamii. Fedha zipo, basi, na zimejenga madarasa na vituo vya afya ambavyo hakuna muungwana atakayevibeza.

Lakini nenda mnadani mwezi wa masika. Mama yule aliyelipa ushuru wa kila gunia ameketi juu ya tope, kichwani hana paa. Choo hakuna, au kipo na mlango hauna. Maji hununuliwa kwa dumu. Na njia ya kutoka mashambani imekatwa na korongo, hata mpunga ukashushwa na kubebwa kichwani. Ushuru unakusanywa kwa mashine ya kisasa, risiti inatoka safi, ilhali mahali unapokusanyiwa hapana tofauti na alipopaacha babu. Hii si dhiki ya umaskini. Ni dhiki ya kutotazama.

Madiwani wa Kahama na Msalala, wa Geita, Mbogwe, Bukombe na Chato, mwaka wa fedha huanza Julai, na makisio huandikwa miezi mingi kabla. Nawaomba, katika makisio yajayo, kabla ya sanamu ya mzunguko na kabla ya lango la manispaa, mwandike mambo mawili. La kwanza ni mnada wa kila kata upate paa, maji, vyoo na barabara ya kupitika mvua ikinyesha, kwa fedha ya ushuru ule ule. La pili halina gharama kubwa: kila mwenyekiti wa kitongoji chenye machimbo apewe daftari la kuandikia jina la kila mchimbaji anayeingia, kijiji chake, na namba ya simu ya ndugu yake mmoja, naye mtendaji wa kijiji alikague daftari hilo kila mwezi. Nanyi wapigakura, mkutano wa kijiji ukiitwa, msikae nyuma. Simameni mwulize fedha ya mnada iko wapi.